Wiki Niliyopika Mbegu

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa pili, mwanangu Anita, siku niliyowalisha wageni mbegu ya mama mkwe wangu na kuwaongezea mchuzi. Kaa hapo kwenye kigoda, usikimbilie kufua mashuka. Wazazi wako wamesharudi Songea salama na mashuka hayaendi popote. Tangu Alhamisi nina neno la kukwambia, nikalimeza kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni. Leo nitalisema, ila nitaanzia mbali, kwa maana nimezeeka na mzee ana haki ya kuanzia anapotaka.

Wewe uliyeolewa na Bosko wangu unanijua kama mama wa Mkumbi, wa kahawa na mahindi na sweta mbili mwezi wa sita. Lakini nilizaliwa Ngumbo, ziwani. Kwetu jiko lilikuwa kibanda cha matete kilicho wazi pande mbili, upepo wa ziwa ukipita na moshi ukienda zake. Mama yangu alikuwa na usafi wa kuogofya. Alifagia uwanja kabla jua halijatoka, na kuku akikatiza alifagia tena nyayo za kuku. Nilipomwambia kwamba nimepata mchumba huko juu milimani, Mmatengo, fundi wa kuezeka nyumba, tena Mkatoliki ilhali sisi ni Waanglikana, hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Utakwenda kuishi kwenye moshi na baridi, mwanangu. Basi." Ile "basi" yake nilipanda nayo mlima wote mpaka Mbinga, na ilinilemea kuliko sanduku la nguo.

Niliolewa mwezi wa kumi, kahawa ikiwa imekwisha kuvunwa. Mwezi wa pili dereva wa lori la samaki akaleta barua. Baba na mama wangekuja kuniona, wangefika Ijumaa. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga kwangu.

Furaha yangu ilidumu kama dakika tano hivi. Kisha nikaiangalia nyumba. Mvua ilikuwa imekula ukuta wa nyuma, paa la jiko lilivuja mahali pawili, na mlango wa mbele uliinuliwa kwa mikono miwili ndipo ufunguke. Mume wangu Kasiani, yaani baba mkwe wako, Mungu amrehemu, aliezeka nyumba za watu mlima hadi mlima, na ya kwake ikamvujia kichwani. Mafundi ndivyo walivyo, na wewe umeolewa na mtoto wa fundi, kwa hiyo jiandae.

Mama mkwe wangu, wote tulimwita mama Kasiani, akasema tutaanza kazi Jumatatu na Alhamisi tutakuwa tumemaliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Sikumwogopa, ila nilitamani sana anipende. Basi Jumatatu asubuhi, hata maji ya udongo hayajatekwa, akafika mtu kutoka Ukata na habari kwamba wifi yangu amejifungua kabla ya siku zake na mtoto ni mdogo mno. Mama Kasiani alijifunga khanga, akachukua bakora yake. Mlangoni akageuka akaniambia, "Nyumba nakuachia wewe, mkamwana. Kila kitu unakiona kilipo."

Ni kweli, niliona kila kitu kilipo. Nilichokuwa sijui ni kila kitu ni cha nini.

Jumanne jirani yetu mzee akafariki. Huwezi kugonga misumari wakati mwenzako anazikwa, kwa hiyo nyundo ikawekwa chini. Kasiani akaenda kuchimba kaburi, mimi nikaenda kuteka maji na kupika msibani, na maharage yetu ya kwenye debe karibu yote yakaenda huko. Jumatano tukakandika ukuta, mvua ikaja mchana ikauteremsha wote. Nilikaa kwenye lile tope nikalia kwa hasira. Kasiani akacheka, nikamrushia bonge la udongo, akanyamaza.

Alhamisi wakaja wanaume sita kutusaidia. Huku, kama unavyoona mpaka leo, mtu hapandi paa peke yake. Unawaita wenzako wanakuja, na wewe unawalisha. Wao wakawa juu na nyasi na kamba, mimi nikawa jikoni. Nilikuwa nimeleta udongo mweupe kutoka bondeni, nikapaka kuta za ndani mpaka zikang'aa. Nilirudi nyuma hatua mbili ili nifurahie kazi yangu, na ndipo nikainua macho.

Juu ya mafiga palikuwa na kichanja cha fito, kimening'inizwa kwa kamba, kimejaa masizi mpaka masizi yenyewe yanadondoka. Na juu yake vifurushi kumi na kimoja vya majani makavu ya mgomba, vyeusi tii. Nilikuwa nimeviona tangu mwezi wa kumi nisivitilie maanani. Siku ile niliviona kwa macho ya mama yangu. Nilimsikia kabisa akisema, "Si nilikwambia, moshi." Niliona aibu, mwanangu, aibu ya nyumba isiyokuwa yangu hata nusu.

Nikapanda juu ya kinu nikaviteremsha. Nikafungua kimoja, maharage. Cha pili, maharage. Yalikuwa meupe, mekundu, meusi, yenye madoa kama ya kanga, na kifurushi kimoja kidogo chenye maharage ya rangi ya mchanga wa Ngumbo uliolowa, kila punje na jicho la kahawia. Huku debe likiwa tupu na watu sita juu ya paa wakisikia njaa! Nikasema moyoni, mama mkwe amesahau akiba yake. Nakwambia niliruka kwa furaha. Mimi mtu wa ziwani, niliyekula muhogo na dagaa maisha yangu yote, ningejuaje? Kupanda maharage kwa huku ni mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu ulikuwa haujanikuta hapa.

Hata hivyo niliuliza. Hilo nilijivunia baadaye, kwamba niliuliza. Nilitoka nje, nikakinga macho, nikapaza sauti, "Kasiani! Kuna maharage huku jikoni, nipike?"

Kasiani alikuwa na kamba kati ya meno, mguu mmoja kwenye boriti na mwingine hewani. Hakugeuka. "Pika! Watu wana njaa!"

Alidhani nasema yale ya kwenye debe, hakujua limekwisha. Basi nikapika. Nusu nikaitia chunguni, nusu nikailoweka kwa ajili ya wageni wa kesho. Majani ya mgomba nikayachoma. Kile kichanja nikakivunja nikakifanya kuni, ndicho kilichopikia. Kisha nikapaka udongo mweupe mpaka juu.

Maharage yaliyokaa moshini miezi na miezi hayaivi kirahisi. Jua lilikuwa limeshainama wanaume walipokula, na walitafuna wakitazamana. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama maharage haya yamewahi kukutanishwa na maji. Wakacheka wote, nami nikacheka.

Ijumaa wazazi wangu wakafika, baba na kofia yake ya kanisani, mama na kikapu cha samaki wakavu, mbasa wawili wakubwa, na unga wa muhogo kama vile huku hakuna unga. Tulipokwisha kusalimiana mama alikwenda moja kwa moja jikoni. Alisimama mlangoni. Akaangalia juu, akaangalia chini, akapitisha kidole ukutani. "Mh," akasema. "Pasafi." Mwanangu, neno hilo nililisubiri tangu siku nilipopanda lori. Nikageuka nikajifanya nachochea moto ili asinione machozi.

Saa ile ile mama Kasiani akarudi kutoka Ukata, matope mpaka magotini, na habari kwamba mtoto ananyonya. Akawasalimia wakwe zake kwa heshima zote, akaomba awaletee maji. Akaingia jikoni nilikokuwa mimi peke yangu. Nikamwona anainua macho pale palipokuwa na kichanja. Kisha akafunua chungu akatazama ndani. Akaweka kiganja ukutani kama mtu anayetaka kujishikilia, na udongo ulikuwa bado mbichi, mkono wake ukabaki pale umechorwa. Nikasubiri anisifu.

"Pakua, mkamwana," akasema. "Wageni wana njaa."

Tukaketi. Mama yangu akaonja, akasema maharage haya yana ladha ya moshi, mazuri, mmeyapikaje. Mama Kasiani akamjibu, "Ni mkono wa mwanao." Akala sahani yake yote. Halafu akachukua upawa akachagua chunguni, akajipakulia mara ya pili. Nikaona mama yangu ananiangalia kwa macho ambayo hakuwahi kuniangalia nayo, na nikajiona nimefika kwangu.

Wakakaa mpaka Jumapili. Baada ya misa tukawasindikiza barabarani, lori likaja, tukapunga mikono mpaka likapotea kwenye kona. Mama Kasiani akafuta mikono yake kwenye khanga. "Haya," akasema, "twende jikoni."

Jikoni akanionyesha juu kwa kidole. "Hapa palikuwa na nini?"

"Maharage, mama. Ya akiba."

"Mbegu," akasema. "Moshi unafukuza wadudu. Mwezi ujao tunachimba ngolo, tunapanda maharage. Ulitaka tupande nini?"

Ngolo unazijua, yale mashimo ya mraba yanayojaa milima yetu yote, nyasi chini na udongo juu. Nikaiona milima yote ile kichwani mwangu, mitupu. Mwaka mzima bila maharage ndani ya nyumba, kwa mkono wangu. Nikakaa chini. Nilikuwa nimesikia habari za wake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo, na mama yangu angenipokea na ile "basi" yake. Nikaogopa, na kwa woga nikafanya jambo baya kuliko la kwanza. Nikasema, "Kasiani ndiye aliyeniambia nipike."

"Kasiani alikuwa wapi?"

"Juu ya paa."

"Na wewe?"

"Chini."

"Aliona ulichoshika?"

"Hakuona, mama."

"Basi hukumuuliza. Ulipiga kelele, naye akapiga kelele. Mtu akiwa juu ya paa unamsubiri ashuke. Unamwekea kitu mkononi, anakiangalia, ndipo unamuuliza."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Ingekuwa heri angepandisha. Nikamuuliza huku nalia mbona hakusema siku ile ile alipoona. Alinitazama kama vile swali langu lilikuwa la kitoto. "Mama yako alitoka ziwani kuja kuona kama una kwako. Ningesema mbele yake, angeona nini?"

Kesho yake alinipa kikapu tukaondoka. Tulikwenda siku tatu, mlima hadi mlima, nyumba za wanawake aliowahi kuwagawia mbegu miaka ya nyuma. Kila tulipofika, yeye aliketi nje, mikono magotini, hakufungua mdomo. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Mimi ni mkamwana wa mama Kasiani. Nimepika mbegu ya nyumbani. Naomba kiganja kimoja." Nyumba ya kwanza mwenyewe alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Ya pili hakucheka, alinitazama tu kutoka miguuni hadi kichwani, na nilitamani ardhi inimeze. Nyumba ya nne au ya tano mama mmoja mnene alinivuta ndani, akanipa uji, akaninong'oneza kwamba yeye alipoolewa alipalilia miche ya kahawa ya baba mkwe wake yote, akang'oa shamba zima, akidhani ni magugu. Tukacheka naye mpaka tukapaliwa. Nilipotoka, mama Kasiani aliona uso wangu umebadilika. Alinipokea kikapu akabeba yeye.

Ndivyo nilivyoijua Mkumbi, mwanangu. Si kwa harusi yangu, maana harusini nilifunikwa uso. Niliijua kwa kusema kosa langu mlango kwa mlango, na wanawake wale ndio waliokuja kunishika mkono nilipojifungua, na ndio walionizikia mume.

Aina kumi zikarudi. Ya kumi na moja, ile ndogo ya rangi ya mchanga yenye jicho la kahawia, haikupatikana. Ilizaa kidogo, watu hawakuitaka, na yeye aliitunza kwa sababu aliolewa nayo kutoka kwa mama yake. Tuliulizia mpaka Ukata. Hakuna. Siku tuliyokata tamaa tulikuwa tumekaa njiani, tunapumzisha miguu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe ile moja." Akasema, "Niliiona chunguni. Ndiyo maana nilijipakulia mara ya pili."

Nimekaa naye miaka kumi na tisa baada ya hapo, na hakuwahi kuitaja tena. Lakini mimi mpaka leo nikienda sokoni Mbinga nainama kwenye kila gunia la maharage. Wauzaji wananijua, wanadhani mama huyu anachagua sana. Ninatafuta punje moja yenye jicho la kahawia, na sijaiona.

Sasa tuje kwako.

Wiki hii nimekuona unavyokimbia. Kipaimara cha mtoto, wazazi wako wanakuja, bomba limepasuka, rangi haijakauka, shangazi wa Bosko yuko hospitali anataka uji, na fundi wa ngazi anadai mchanga. Nilikuonea huruma na nilikuonea fahari. Nilikuwa nakuangalia nikijiona mwenyewe na ndoo yangu ya udongo mweupe.

Jumatano ulinijia mbio. "Mama, yale mawe ya nyuma, fundi ayatumie kwenye ngazi?" Ni kweli uliniuliza, sikatai. Nilikuwa na simu sikioni, naongea na mdogo wangu wa Ngumbo, tunacheka habari za zamani. Nikakupungia mkono. "Yatumieni, yatumieni!" Nilidhani unasema yale mawe yaliyorundikwa nyuma ya choo.

Alhamisi nikatoka kuona ngazi mpya. Kwenye ngazi ya tatu limelazwa jiwe la kusagia la mama Kasiani, lililokuwa likikaa chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Nililijua kwa lile bonde lake la katikati, alilolichimba yeye kwa miaka na mikono yake mikubwa, na mimi nikaliongeza kidogo. Saruji imeshalishika pande zote. Ukaniona nimesimama pale ukauliza, "Mama, umechoka?" Nikakujibu kwamba ngazi ni nzuri. Ijumaa baba yako akalikanyaga akipanda, nami nikamkaribisha. Mezani mama yako akakusifia nyumba, na mimi nikakusifu zaidi yake.

Usilie. Na usimwite fundi, maana kulitoa ni kuvunja ngazi yote, na ngazi ile umeitolea jasho. Libaki hapo. Nisikilize tu, kwa sababu siku moja utakuwa huku niliko mimi.

Kazi zikikuzidi hivi, mwanangu, ndipo usimame kabla hujashusha au kutoa kitu usichokijua. Kibebe mkononi umpelekee mwenyewe, na akikujibu bila kukitazama, jua hajakujibu, msubiri. Hilo la kwako. La kwangu ni kwamba safari hii aliyekuwa juu ya paa ni mimi. Ningeshusha simu nikageuza shingo, jiwe lingekuwa chini ya mgomba wake hivi sasa. Ndiyo maana nakwambia na mimi nisamehe. Ukikosea, kosa liseme kwa mdomo wako mwenyewe mlangoni kwa mtu, usimsukumie aliyekuwa juu. Na wa kwako akikosea mbele ya wageni, kula kwanza. Maneno yatasubiri mpaka lori lipite kona.

Najua Bosko amekuahidi jiko la gesi, na lile jiko langu la moshi mnalitazama kwa jicho la nyundo. Siwazuii. Ila kesho tupande kichanjani wote wawili, nikushushie vile vifurushi kumi kimoja kimoja, nikwambie hiki nilipewa na nani na nilimwambia nini mlangoni.

Mungu akubariki, binti yangu wa Songea. Akupe wageni wengi na paa lisilovuja. Akupe watu wa kukusubiri mpaka ushuke. Na siku mkamwana wako atakapokupakulia kwa furaha kitu ulichokitunza maisha yako yote, Mungu akupe nguvu ya kusogeza sahani na kusema, niongeze.

Haya, nenda kafue mashuka yako. Ukipita ngazi ya tatu, mvua imejaza maji kwenye lile bonde la jiwe. Nawa mikono hapo.